Suruali ya Jogoo

Mpiga pasi huyu wanamwita Kagua, na jina hilo amelitolea jasho. Nyuma ya kaunta ya dobi hapokei shati kabla ya kuligeuza kola, kunusa kwapa na kupitisha kidole mfukoni. Mteja akisema, "Hiyo ni chai tu," Kagua hujibu, "Haya," kwa sauti ya hakimu anayeahirisha kesi. Nyumbani hufunga mlango, huusukuma kuona kama umefunga, na akishafika njiani hurudi kuusukuma tena. Mumewe, fundi wa majokofu, husimulia kwamba siku alipomposa, jibu la kwanza alilopewa lilikuwa: "Kwa nini?"

Mtu wa namna hii hakupaswa kuwa mwimbaji. Mwimbaji hufumba macho na kuamini. Lakini sauti haichagui koo, na ya Kagua ilikuwa pana, yenye moshi kidogo, haiyumbi hata akiimba huku anakunja shuka. Ndiyo maana kwa miaka mingi, kila mwisho wa wiki, alikuwa mwitikiaji katika bendi ya Jogoo.

Jogoo alikuwa mwimbaji wa muziki wa soul, ule wa kubembeleza mapenzi, mwenye suti nyeupe, na suti yenyewe hupigwa pasi na Kagua. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu aliwika kote, na uzee ulipomkuta hakunyamaza. Alipunguza tu kupanda juu, akaongeza kucheza na mabega.

Kazi ya mwitikiaji haina mambo mengi. Jogoo akiuliza, "Utaniacha?" Kagua hujibu, "Sitakuacha," mara nyingi kuliko mwanamke yeyote mwenye akili timamu angejibu.

Shaka iliingia baada ya tamasha kubwa la mwaka uliopita, lile la uwanja wa wazi, ambapo vijana wa roki, wazee wa nyimbo za asili na watu wa soul hupandishwa jukwaa moja na kuombewa mvua isinyeshe. Mdogo wake alikuwa mstari wa mbele kabisa. Walipokutana getini alimrukia shingoni.

"Dada, ulipendeza!"

"Nilipendeza."

"Mno! Lile gauni!"

"Na kuimba?"

"Mlipendeza wote."

Kagua alilipokea jibu hilo kama anavyopokea nguo yenye doa asilolijua: aliliweka pembeni akawa analitazama kila akipita. Baadaye akaazima simu ya mdogo wake, akaitazama picha ya video aliyoipiga. Ngoma zilisikika. Gita lilisikika. Jogoo alisikika kupita kiasi. Kagua mwenyewe alionekana akifungua na kufunga mdomo kama samaki aliyetolewa majini.

"Simu hizi bwana," alisema mumewe, "hazishiki sauti nyembamba."

"Sauti yangu ni nyembamba?"

Mumewe akakumbuka kwamba kuna jokofu la mtu linamsubiri.

Tangu hapo Kagua hakuwa na raha. Hofu yake ilikuwa moja na aliweza kuitaja: kwamba miaka yote hiyo, baada ya kusimama na pasi mchana kutwa na kwenda kusimama tena jukwaani, hakuna binadamu aliyemsikia. Kama ni hivyo, bora angekaa kwake akaimbia shuka. Shuka angalau hazidanganyi.

Tamasha lilipowadia tena, alifika mapema kupima sauti. Kwenye mitambo, pembeni mwa jukwaa, alikaa fundi ambaye kila mtu humwita Shemeji, ingawa hakuna anayekumbuka alimwoa dada wa nani. Jukwaa lilikuwa na spika za aina mbili. Kubwa, zilizoning'inizwa kushoto na kulia, huongea na uwanja. Ndogo, zilizolazwa sakafuni, huwageukia waimbaji ili wajisikie. Aliye jukwaani husikia hizo ndogo. Zile kubwa zimempa mgongo. Kwa mpango huo mtu anaweza kuimba maisha yake yote akijisikia vizuri sana.

"Moja, mbili," alisema Kagua kwenye kipaza sauti chake.

"Safi kabisa!" alijibu Shemeji, kabla ya mbili kwisha.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Kama kinanda."

"Kinanda gani?"

Shemeji akainamia kikombe chake cha chai, akakitazama kwa makini, kana kwamba jibu lilikuwa chini pamoja na majani.

Fundi anayesema safi kabla hajapima, ana lake. Kagua akaamua kukagua mwenyewe.

Vijana wa roki walitangulia, wakalipiga jukwaa kama wanalidai. Akafuata mzee mmoja wa nyimbo za asili, aliyetumia muda mwingi zaidi kukaza nyuzi za gita lake kuliko kulipiga. Kisha jua likiwa limeanza kulegea, Jogoo akapanda, mweupe pe, mikunjo ya suruali ikiwa imenyooka kama rula. Uwanja ukapiga yowe.

Kiitikio cha kwanza kilipofika, Jogoo akauliza, "Utaniacha?"

Na Kagua, kwa sauti yake ile ile, kwa tuni ile ile, uso ukiwa na huzuni inayotakiwa, akaimba: "Suruali imepasuka, suruali nyuma imepasuka."

Akautazama uwanja. Hakuna aliyecheka. Mdogo wake, mstari wa mbele, alikuwa akiyumba macho yamefumba. Umati unaoambiwa kwamba suruali ya mfalme wake imepasuka, ukaendelea kulia kwa mapenzi, ni umati ambao haujaambiwa kitu.

Kumbe ni kweli, aliwaza.

Ila mkono wa Jogoo, ule usioshika kipaza sauti, ulikuwa umeanza kwenda nyuma. Ukapapasa polepole, kwa heshima, toka kiunoni hadi chini. Haukukuta tundu. Jogoo akageuka akamtazama Kagua kwa jicho la mtu aliyeona maiti inapiga chafya.

Huyu amenisikia, aliwaza Kagua. Huyu peke yake.

Kiitikio cha pili alinyamaza kimya. Jogoo akauliza, "Utaniacha?" asipate jibu, akajaribu kujijibu mwenyewe. Sauti ikatoka mapema, ikapanda njia isiyo yake, ikateleza. Watu wa mbele wakaanza kutazamana. Kwa bahati mpiga gita alikuwa na zamu yake ya kupiga peke yake, na yule akifumba macho ni sawa na duka lililofungwa: usimsubiri. Kagua akaenda moja kwa moja hadi kwenye mitambo.

"Shemeji, sauti yangu inakwenda wapi?"

"Mama, rudi mahali pako, tafadhali."

"Nimekuuliza."

Shemeji akafuta paji la uso. "Kwenye spika yake yeye. Sikio lake limechoka, bila wewe hajui tuni iko wapi. Anakufuata wewe kama kipofu na fimbo. Lakini nje anataka asikike peke yake. Ndivyo nilivyoagizwa, siku zote."

"Nifungulie."

"Atanifukuza!"

"Nikinyamaza tena watarusha chupa, na utafukuzwa ukiwa umelowa. Chagua."

Hapo Jogoo mwenyewe alikuwa ameshafika, akicheza na mabega ili uwanja udhani ni sehemu ya onyesho, kiganja kikiwa kimeziba kipaza sauti.

"Dada, kulikoni? Suruali ina nini?"

"Suruali nzima, nimeipiga pasi kwa mkono wangu. Mimi nataka kusikika."

"Lakini unasikika! Si nakusikia mimi?"

"Wewe si uwanja, kaka."

Jogoo akamtazama mpiga gita, ambaye alikuwa ameanza kufumbua jicho moja. Akautazama umati. Kwa mara ya kwanza umri wake ulionekana.

"Mfungulie," alimwambia Shemeji. "Kidogo."

Kagua akarudi mahali pake. Jogoo akauliza swali lake, kwa unyonge safari hii, kama mtu anayetaka kujua kweli. Kagua akajibu, "Sitakuacha," na sauti ikamtoka, ikatembea juu ya vichwa, ikagonga ukuta wa mwisho wa uwanja na kumrudia ikiwa imechelewa kidogo. Hakuitambua mara moja. Mstari wa mbele, mdogo wake alifumbua macho.

Getini alimrukia tena shingoni. "Dada, leo nimekusikia!"

"Umesikia nini?"

"Si wewe!"

"Nikisema maneno gani?"

"Sitakuacha, sitakuacha… Jamani, ulisema nini kingine?"

Kagua akamkagua uso kama anavyokagua kola, kulia, kushoto, chini ya kidevu.

"Haya," alisema.

Bado ni mwitikiaji wa Jogoo. Lakini siku hizi kwenye kupima sauti hasemi moja, mbili. Huimba kwamba suruali imepasuka, kisha hungoja, macho yakiwa kwa wauza chai kule mwisho wa uwanja. Wakigeuka kutafuta ni suruali ya nani, anamwambia Shemeji waendelee. Jogoo anaujua mchezo huo vizuri kabisa, na kila mara mkono wake huenda nyuma kuhakikisha.