Siku Niliyompisha Mkwe Uwanjani

Mkasa huu nauhadithia nikiwa nimejifunika uso, maana hata leo nikipita karibu na ule uwanja kuna watu wananipigia kelele "Shikamoo mama!" kisha wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi sina la kuwafanya, kwa sababu maneno hayo niliyatamka mwenyewe, kwa sauti, katikati ya fainali.

Naitwa Kosmas, nauza pembejeo (mbegu, mbolea, dawa za wadudu) kwenye kiduka jirani na stendi ya Msamvu, na jioni zangu nacheza ragbi ya kugusa na timu yetu inayoitwa Kobe. Jina hilo tulijipa wenyewe kabla watu hawajatupa. Kwa asiyeujua mchezo, ni hivi: hakuna kuangushana. Unakimbia na mpira mkononi kwenda kwenye mstari wa wapinzani, pasi unampa mwenzako aliye nyuma yako tu, na mpinzani akikugusa hata kwa kidole unasimama unauweka mpira chini, na mkiguswa mara sita mpira unakuwa wao. Ukivuka mstari ukauweka chini, umefunga. Wanaume na wanawake tunacheza pamoja, ndiyo raha yake, na ndiko balaa langu lilikotokea.

Sasa, lilipotangazwa bonanza la siku moja, timu sita, zawadi mbuzi dume, mimi nilikuwa na jambo lingine zito kifuani. Nilikuwa nimepeleka barua ya posa Mgeta, huko milimani, kwa kina Salome, na nilikuwa nasubiri jibu la mjomba wake (kwetu Waluguru baba anaweza kukupenda mpaka akakukaribisha chai, lakini mjomba asipokubali hujaoa). Katika kusubiri huko, mama yake Salome akanitumia ujumbe: Jumamosi nipande Mgeta nikamsaidie kuinua matuta ya karoti. Jumamosi ileile ya bonanza! Mtu anayesubiri jibu la posa akiitwa kwenye jembe haulizi jua litawakaje, anakwenda. Mimi nikaandika: "Shikamoo mama. Nipo Dakawa, mpunga wa kaka umevamiwa na ndege. Nitakuja wiki ijayo."

Salome, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini na anachezea timu ya walimu inayoitwa Chaki, alinionya mapema kabisa. "Kosmas, mwambie mama ukweli. Mama anapenda michezo kuliko hata wewe."

"Mambo ya wakwe niachie mimi," nikamjibu, kwa kifua kabisa.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, huko Uluguru na huku mjini, uwanja tope tupu, na Kobe, jamani, siku hiyo tulikuwa na miguu ya kuazima. Tukashinda ya kwanza, tukashinda ya pili, watu wakaanza kutujua kwa majina, nahodha wetu Rajabu akawa anamtazama yule mbuzi kama mtu anayemtazama ndugu yake. Tukaingia fainali. Wapinzani: Chaki.

Nipo pembeni nakunywa maji, nikainua macho, nikamwona mama mkwe. Yupo palepale, hatua thelathini, anaongea na Salome, na miguuni pake kuna kiroba cha karoti. Nikamvuta Salome pembeni alipopita.

"Mama kafuata nini huku?"

"Msaidizi wa matuta hakutokea," akasema, akinikazia macho, "akaona bora ashuke na gari la mboga. Na kile kiroba ni chako. Anataka nikipeleke Msamvu, nikipakie basi la Dakawa, eti mkwe asife njaa huko kwenye ndege."

Ningekuwa mtu mwenye akili ningekwenda pale pale nikaomba radhi. Mimi nikachota tope, nikajipaka uso mzima, nikavaa kofia ya Rajabu mpaka kwenye nyusi, nikamwambia kila mtu leo naitwa Juma. (Rajabu hakuuliza kwa nini, alikuwa bado anamtazama mbuzi.)

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwanamke mmoja wa Chaki alikuwa ameteguka mguu, hawana wa kumbadili, na mama mkwe katika ujana wake alikuwa moto wa netiboli pale Mgeta. Refa akaulizwa, akasema bonanza ni la kufurahi, aingie. Mama mkwe akafunga kanga yake vizuri juu ya suruali ya michezo ya Salome, akavua kandambili, akaingia peku.

Tulikuwa tunaongoza nne kwa mbili pale mpira ulipomfikia kwa mara ya kwanza. Akaja. Akaja upande wangu, ameukumbatia mpira kifuani, na mbele yake hakuna mtu mwingine ila mimi, na mguso mmoja tu unatosha. Lakini nyie mnajua: mkwe hashikwi. Nimelelewa hivyo tangu nikiwa mdogo, mkwe mkikutana njiani unatoka njiani, unainamisha kichwa, unamsalimia ukiwa mbali, ukishamaliza unaomba Mungu apite haraka. Kichwa changu kilisema gusa, mwili ukakataa. Nikasogea pembeni, nikaweka mikono nyuma, nikainama, na mdomo, bila kuniuliza, ukasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba," akajibu, huku anakimbia. Akavuka mstari, akauweka mpira chini vizuri kama anayeweka kikapu cha mayai, kisha akageuka taratibu.

"Sauti hiyo... Kosmas? Na ndege wa Dakawa umemwachia nani?"

Uwanja mzima ulisikia. Kuna waliokaa chini kwa kucheka. Rajabu akanijia ametoa macho: "Kwa nini hukumgusa?"

"Ni mkwe wangu!"

"Mkwe? Bro, mbuzi yule!"

Akanihamishia upande wa pili. Mama mkwe naye, ambaye sasa alikuwa ameshaelewa kila kitu, akahamia upande wa pili. Alipopewa mpira akanijia akitembea. Akitembea, jamani! Nikampisha tena. Nne kwa nne. Watu wa Chaki wakawa hawana mbinu nyingine, mpira ni kwa mama, mama ni kwa Kosmas, na watazamaji wanaimba "Mpishe mkwe! Mpishe mkwe!" wakipiga makofi.

Dakika ya mwisho akaja mara ya tatu. Rajabu anapiga kelele kwamba naweza kuugusa mpira wenyewe, si lazima nimguse mtu, na sheria inaruhusu kweli, ila mpira uko wapi? Kifuani pa mama mkwe! Nikaanza kurudi nyuma, siwezi kumgusa, siwezi kumpa mgongo, narudi huku nimeinama, narudi, narudi, nikavuka mstari wetu, nikaendelea kurudi, mpaka ardhi ikaisha. Nyuma kulikuwa na mtaro, umejaa maji ya mvua. Niliingia mzima mzima, na kofia ya Rajabu.

Nilipotoa kichwa nje nilisikia filimbi. Chaki tano, Kobe nne.

Hapo ndipo moyo uliponifa. Si kwa ajili ya mbuzi. Nilimwona mama mkwe amesimama juu ya mtaro ananitazama, nikajua Salome ndiyo basi, nani atampa binti yake mwongo aliyelowa? Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia mtaroni.

"Mama, nisamehe. Nimekudanganya," nikasema, na machozi yalikuwa yananitoka, bahati nzuri maji yalikuwa mengi.

Mama mkwe akageuka. Akang'oa kijiti cha bendera ya kona, akashika ncha moja, ncha nyingine akaninyooshea mimi. Naye hakutaka kunigusa. Akanivuta hivyo hivyo, mikono yetu mbalimbali, mpaka nikatoka.

Jibu la mjomba lilikuja baada ya siku nne, kwa mdomo wa Salome, ambaye alishindwa kulisema bila kucheka: "Uongo wake tutautoa kwa jembe. Adabu yake tunaichukua kama ilivyo."

Nimeinua matuta ya karoti Jumamosi tatu mfululizo, Rajabu na Kobe wote wakiwa nyuma yangu na majembe, maana niliwaahidi mbuzi wa harusi badala ya yule waliyemkosa. Sidanganyi tena kuhusu safari, nimeapa. Na bonanza lijalo likitangazwa, mechi sichezi mpaka nimpigie kwanza mama mkwe nimuulize yuko timu gani, niombe kuwa naye.