Waliohama Kabla ya Kuulizwa

Dada yangu ni mchumi. Mtaani wanadhani mchumi ni mtu mwenye hela, nami huwaambia wavitazame viatu vyake kwanza. Kazi yake ni kutafuta kwa nini watu wanaoamka alfajiri kufanya kazi wanabaki maskini, na kama barabara au mfereji waliojengewa umewasaidia kweli. Kwenye taasisi ya utafiti wanamtania kwa kumwita Mama Wastani. Hata ukimuuliza anaweka sukari kiasi gani kwenye chai, ataanza na wastani.

Swali hilo la umaskini alitoka nalo nyumbani. Baba alikuwa akilima shamba la kukodi. Barabara ya lami ilipofika, shamba likapanda thamani, mwenye nalo akalichukua, nasi tukahamia mjini, baba akawa mbeba magunia ghalani. Alibeba mpaka mgongo ukakataa. Dada alisoma hadi ng'ambo, akarudi na udaktari wa vitabu, si wa sindano, na mama hajamsamehe mpaka leo.

Utafiti uliomjengea jina ni wa mfereji wa bonde la juu. Wahojaji wake walizitembelea familia za wakulima kabla ya maji kufika, wakarudi tena miaka michache baadaye. Maisha yalikuwa yamepanda. Watu walikula vizuri zaidi na watoto walikuwa shuleni. Serikali ikataka kuchimba mfereji kama huo bonde la chini, na bodi ya mradi ingeamua baada ya kumsikiliza dada. Siku hiyohiyo angetangazwa mkurugenzi wa taasisi.

Mchana wa siku iliyotangulia alikuja kwangu kujaribu gauni. Mimi ni fundi cherehani. Alisimama juu ya kigoda, nami nimebana pini mdomoni nikipima pindo, huku yeye akijisomea hotuba. Mteja wangu mmoja, mama aliyefuata sare za wanawe, akasikia bonde la juu likitajwa.

"Kwetu huko," akasema. "Tulilima kwa kukodi. Maji yalipokuja, mwenye shamba akapandisha kodi, tukashindwa, tukaondoka. Hata majirani zetu."

Dada akaacha kusoma. "Mliwahi kuhojiwa?"

"Mara ya kwanza, ndiyo. Alikuja kijana mpole, akauliza mpaka idadi ya kuku."

"Na mara ya pili?"

Yule mama akacheka. "Nani angetupata, dada yangu? Tulishakuwa huku."

Dada aliteremka kigodani na pini zote mwilini, akampigia simu kiongozi wa wahojaji. Nilimsikia akiuliza walifanya nini walipokuta familia imehama. Jibu lilisikika hadi nilipokaa: "Tulifuata maagizo yako, Daktari. Ukikosa wenyeji, ingia nyumba inayofuata."

"Zilikuwa nyingi?"

"Upande wa wapangaji wa mashamba, karibu zote."

Ndipo nilipoelewa. Maisha ya bonde la juu yalionekana yamepanda kwa sababu maskini wenyewe walishaondoka, na mahali pao wakahesabiwa wenye nafuu. Tena bonde la chini limejaa wapangaji watupu.

Asubuhi nilimsindikiza, kisingizio changu kikiwa pindo. Nje ya ukumbi wa bodi tulimkuta Mzee, mkurugenzi anayestaafu, aliyemfundisha dada na kumpigania miaka yote. Alimsikiliza, kisha akamvuta pembeni.

"Mwanangu, leo soma ulichoandika. Tutarekebisha baadaye, polepole."

"Baadaye watakuwa wameshachimba, Mzee."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Na mficha uchi hazai," dada akajibu. Sijawahi kumwona akimjibu mzee yule.

Nilikaa nyuma. Nitasema ukweli, niliomba anyamaze. Cheo kile alikihangaikia ujana wake wote, na mimi nilishajigamba kwa wateja. Alisimama, akafungua karatasi. Kisha akazikunja.

"Kabla hamjaamua," akasema, "kuna watu sikuwauliza."

Akaeleza yote, hata yale maagizo, kwamba aliyaandika yeye. Mwenyekiti wa bodi akaegemea mbele.

"Kwa hiyo Daktari, utafiti wako ni wa uongo?"

"Ni wa kweli kwa waliobaki."

"Sasa unataka tufanye nini?"

"Mpangaji apewe mkataba kwanza, ambao mwenye shamba hawezi kuuvunja. Maji yaje baadaye."

Wajumbe wakabishana mpaka jasho likawatoka. Mwishowe mradi ukasimamishwa hadi suala la mikataba litatuliwe. Habari ya ukurugenzi haikutajwa kabisa. Mzee alitupita mlangoni bila salamu, na dada akamsindikiza kwa macho mpaka alipopanda gari lake. Hapo ndipo alipolia, mbele za watu, akiwa na gauni jipya nililomshonea.

Nilidhani tutakwenda nyumbani. Akapangusa uso, akaniuliza yule mteja anakaa wapi.

Ni chumba kimoja nyuma ya karakana ya magari. Yule mama alikuwa akifua. Alipomwona dada akainuka, mikono ikichuruzika povu.

"Daktari! Umeleta maswali mengine?"

"Moja tu," dada akasema, akakaa kwenye ndoo aliyoipindua mwenyewe. "Mlipoondoka, mlikwenda wapi?"

Yule mama alituangalia kwa zamu, kana kwamba tunamtania. Kisha akajifuta mikono, akakaa nasi, akaanza kueleza. Aliongea mpaka povu likatoweka kwenye maji.

Mimi nilikuwa namfikiria baba. Alikufa bila mtu yeyote kumuuliza hilo.