Sharti la Kutouliza

Nusra alilelewa Siyu na nyanya yake, mama mzaa mama, na katika hadithi zote alizosimuliwa, moja ilimkaa kifuani. Ilikuwa ya kijana aliyemwoa jini mzuri kwa sharti moja tu: asimuulize aendako kila Alhamisi. Kijana akavumilia, akavumilia, mwisho ulimi ukamponyoka. Kufumba na kufumbua, mke hayupo, nyumba haipo, na yeye amekaa peke yake juu ya kichuguu, mikono mitupu.

Basi Nusra alipoolewa na Swafwani, wakahamia Texas, na mume akashika kazi ya kuendesha lori, mambo ya njiani hakumuuliza. Walikaa Stafford, kando ya Houston. Swafwani alipeleka mizigo Dallas na Fort Worth, na safari za kulala huko siku moja zikawa za kulala siku nne. Alirudi ananukia udi ambao Nusra hakuuchoma. Mashati yake yalikuja yamefuliwa, yamekunjwa vizuri. Nusra alipokea begi, akatenga chakula, akauliza kama barabarani kulikuwa na mvua. Wanawake wa msikitini walimsifu kwa heshima yake kwa mumewe. Haikuwa heshima. Ilikuwa hofu ya kichuguu.

Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa na shoga yake Clothilde, Mkongomani wa Uvira. Saa ya chakula cha mchana waliegemeza simu kwenye chupa ya maji, wakatazama tamthilia ya Kichina. Mkulima maskini ameokota konokono mkubwa, amemweka ndani ya mtungi, na kila akitoka shamba anakuta wali umepikwa. Kumbe ndani ya kombe la konokono mna binti wa mbinguni. Wakaoana, kwa sharti: asimuulize ametoka wapi.

"Hii wameiba kwa nyanya yangu," Nusra alisema.

"Nyanya yako nani! Hii ni ya kwetu," Clothilde akabisha. "Mwanamke alitoka mu ziwa, Tanganyika pale. Bwana akamuuliza, akarudia mu maji."

"Na Wachina wakaenda mpaka Uvira kuisikiliza?"

"Si walikuja kujenga barabara? Wakaisikia."

Wakacheka mpaka mzee mmoja akawagongea meza.

Sehemu ya mwisho haikuwachekesha. Mkulima aliuliza. Nusra akafumba macho, akingojea nyumba ipotee, lakini yule binti hakuondoka mara moja. Alilia kwanza. Alisema miaka yote hiyo alikuwa akingoja aulizwe, ila amri ya mbinguni ni amri, na sasa hana budi kwenda.

Clothilde alijifuta machozi, akamgeukia. "Na weye? Kule bwana yako anaendaka, unajua?"

"Sijamuuliza."

"Uliza, dada. Hukuolewa na jini. Uliolewa na dereva."

Jumapili alasiri Swafwani alirudi. Nusra alimmiminia chai, kisha akaketi mbele yake, jambo ambalo hakulizoea.

"Baba Hamdiya, ukiwa huko juu, walala wapi?"

Swafwani alipuliza chai yake. Hakushtuka, na kule kutoshtuka ndiko kulikoanza kumuumiza.

"Mansfield," alisema. "Kwa Jannat. Nimemwoa. Lakini wewe wajua, Mama Hamdiya."

"Mimi najua?"

"Nilikwambia kuna mjane huko, hana mtu, na watu wataka astiriwe. Ukanyamaza. Hata siku ya ndoa yetu walipoingia ndani kukuuliza kama umeridhia, ulinyamaza vile vile, wakatoka wakasema ameridhia. Nikajua ndivyo usemavyo ndiyo."

Nusra aliikumbuka siku ya mjane. Alikuwa jikoni, anachuja tui, na alielewa vizuri anachoambiwa. Alinyamaza ili asimpoteze.

"Ningesema sitaki?"

"Nisingeoa." Alilisema kwa upole, na upole huo ulimkata kuliko ambavyo matusi yangemkata. "Wallahi nilisimama pale mlangoni, nikingoja useme neno. Ukaendelea kuchuja tui."

Nusra hakulia. Alimwaza binti yao wa pekee, anayesoma chuo Arlington, jirani kabisa na Mansfield. Idi iliyopita alipiga simu akasema darasa limembana, hawezi kuja nyumbani, atakula na marafiki.

"Na Hamdiya?" aliuliza. "Yeye huenda huko?"

Swafwani aliweka kikombe chini. Akaitazama mikono yake.

Nusra alingoja. Nje jirani aliwasha mashine ya kukata majani, akaizima, akaiwasha tena. Alingoja mumewe aseme hapana, hata iwe ya uongo. Chai ilipoa, ikafanya utando juu, na hapana haikuja.