Oya Mara Tatu

Mimi nina mdomo. Sikatai, na mama yangu ndiye shahidi wa kwanza. Ndiyo maana nilipokuwa mwaka wa pili, chuo kilipotafuta mwanafunzi wa kike wa kukaa dawati la jinsia, darasa zima liligeuka likanitazama mimi. Kuna aliyepiga makofi kabla sijakubali. Nikasimama, nikajishika kiuno, nikasema haya, tuone. Weee, nilijiona kama nimeshinda ubunge!

Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha ualimu, cha watu binafsi, nje ya Kasulu mjini. Dawati lenyewe lilikuwa meza moja na viti viwili katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Tulikipaka rangi wenyewe, mimi na matroni wa bweni, mama wa Kiha mwenye kicheko kikubwa na mkono mzito, kisha tukapigilia sanduku la maoni mlangoni na kufuli lake. Nilikuwa na raha siwezi kueleza. Kila nikipita pale naingia, nakaa kwenye kile kiti dakika mbili, natoka.

Kabla ya kuanza tulipewa semina ya siku mbili. Mama mmoja kutoka wilayani alitufundisha: usimuulize mtu alivaa nini, usimwahidi usichoweza kutimiza, siri ni siri. Na jambo moja alilirudia mpaka nikalipigia mstari mara mbili kwenye daftari: andika maneno ya mlalamikaji kama alivyoyasema. Usiyapambe, usiyasahihishe, usichanganye na yako. Nikasema moyoni, hilo jepesi. Kumbe ndilo lililotaka kunitoa roho.

Muhula wa kwanza tulizunguka madarasani tukieleza rushwa ya ngono ni nini. Tukawaambia mkufunzi akikushikia alama zako mpaka umpe mwili wako, hilo ni kosa la jinai, msije mkalipaka rangi ya mapenzi. Wavulana walicheka nyuma. Mmoja akauliza, "Na sisi je, tukisumbuliwa?" Nikamwambia njoo, kiti hakichagui. Lakini hakuja mtu, si wa kike si wa kiume. Sandukuni nilikuta barua mbili tu. Moja ilisema ugali wa muhogo hauivi. Ya pili ilikuwa ya mapenzi, tena kwangu mimi. Niliichana kwa hasira, ila niliisoma kwanza.

Halafu, katikati ya mazoezi ya kufundisha, akaja yeye.

Alikuwa mwaka wa kwanza, binti wa Munanila, kule mpakani na Burundi. Mfupi, mpole, anashika daftari kwa mikono miwili. Ameniruhusu niandike haya mradi nisimtaje. Alikuwa amepangiwa shule moja ya msingi Kibondo, na siku hiyo alipanda basi la asubuhi kurudi Kasulu bila kuaga mtu. Akaniamkia, "Shikamoo dada," ingawa nimemtangulia mwaka mmoja tu, akakaa, akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Kwangu kunyamaza ni kazi kuliko kulima, lakini nilinyamaza.

Polepole akasema. Mkufunzi aliyetumwa kumsimamia alikaa nyuma ya darasa la tatu, akamtazama akifundisha sehemu: nusu, robo, robo tatu. Somo lilipoisha, mkufunzi hakujaza fomu ya tathmini. Aliikunja akaitia mfukoni. Kisha akamfuata stoo ya vitabu, binti alikokuwa anarudisha zana zake za kufundishia, akamwambia, "Alama zako ninazo mimi. Jioni njoo gesti uzichukue." Binti akakataa. Mkufunzi akamsogelea, akarudia. Binti akakataa tena. Mkufunzi akamshika mkono. Binti akakataa kwa kelele, akajichomoa, akakimbilia ofisi ya walimu. Tangu hapo ile fomu haijaonekana, na bila fomu hana alama, na bila alama hana cheti. Kwao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo.

Ila yeye hakusema "nikakataa." Alisema, "Nikamwambia oya." Mara tatu hivyo hivyo. Kwetu, kwa Kiha, oya ni hapana, basi. Bibi yangu wa Heru Juu ananiambia oya tangu sijaota meno. Mtu akiogopa haendi kutafuta Kiswahili, linatoka lile la nyumbani. Nikaandika kama nilivyofundishwa: nikamwambia oya, nikamwambia oya, akanishika mkono nikapiga kelele oya. Sikuongeza hata nukta. Nikamsomea, akaitikia kwa kichwa, akaweka sahihi. Alipotoka nilikuwa na hasira, lakini nisidanganye, nilikuwa na furaha pia. Dawati limepata kazi! Nilijiona mwandishi hodari.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Tanga, mwenye sauti ya kuswalisha. Mkufunzi mmoja wa Mbeya hakusema neno siku nzima, na wa tatu alikuwa mama wa Dar es Salaam aliyekuja kwetu muhula ule ule. Mimi niliitwa kusoma maelezo tu. Binti alikaa kiti cha pembeni. Matroni aliyemsindikiza akaambiwa asubiri nje kwenye benchi.

Mkufunzi mwenyewe alikuja na shati limepigwa pasi, akaketi kwa raha, na akatoa karatasi yake. Kumbe naye ameleta malalamiko! Amevunjiwa heshima na mwanafunzi. Mwenyekiti akaisoma kwanza ile, kimoyomoyo, huku nyusi zinapanda, na nilipochungulia nikaona ina oya tatu, kama yetu. Kisha nikasoma ya kwetu. Nilipomaliza, mwenyekiti akamgeukia binti.

"Ulimwambia mkufunzi wako oya?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Tena kwa sauti?"

"Ya tatu ndiyo ya sauti."

Mimi nilikuwa nimeketi pale nachemka. Wanamuulizaje mtoto wa watu amekataa mara ngapi? Tangu lini kukataa kukawa na hesabu? Nikawa nawalaani moyoni mmoja mmoja. Ndipo yule mama wa Dar akatikisa kichwa akasema, "Jamani, mkufunzi wako unamwita oya? Kama unamwita konda?"

Loo! Oya ya konda! Ile ya vijana, ya redioni, oya vipi, oya mwanangu! Hawa watatu hakuna hata mmoja aliyezaliwa huku. Wao walichosikia ni binti aliyemzoea mkufunzi, anamwita kihuni, anajirahisisha, anapaza sauti. Na aliyewapa neno lile kavu kavu, bila kulieleza, ni mimi na uandishi wangu hodari.

Mkufunzi akashusha pumzi kwa huzuni ya kuigiza. "Ndiyo malezi ya siku hizi, mwenyekiti."

Mwenyekiti akafungua kalamu. "Basi binti mwenyewe anakiri. Tuandike utovu wa nidhamu, mazoezi yake yasimame mpaka..."

"Oya!" Nilisimama kiti kikaanguka. Wallahi lilinitoka lenyewe.

Mwenyekiti akavua miwani. "Na wewe unaniita oya?"

"Hapana! Yaani ndiyo! Yaani, mwenyekiti, siyo kuita!" Mdomo wangu wote ule, siku ninayouhitaji unagongana wenyewe kwa wenyewe. Akaniambia nikae, mimi ni mwandishi, si shahidi. Sikukaa. Nilikwenda mlangoni, nikaufungua, nikamwita matroni. Akaingia anafuta mikono kwenye kitenge, hajui hili wala lile.

"Matroni, samahani. Nyumbani kwenu mtu akitaka kukupa kitu na wewe hukitaki, unamjibuje?"

Akaniangalia kama nimerukwa na akili. "Oya."

Mwenyekiti akauliza, "Hapo unamwita nani, mama?"

"Simwiti mtu, baba. Nakataa."

"Unakataa kwa oya?"

"Sasa nikatae kwa nini? Oya ni hapana. Nikikubali nasema ego." Akatutazama wote. "Kwani kuna nini?"

Yule wa Mbeya alikuwa ameacha kuandika. Nikaona nafasi ni hii hii, nikiiacha imekwenda. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa nisome karatasi moja tena. Akadhani yangu. Nikasema hapana, ya mkufunzi, aliyoiandika kwa mkono wake. Na pale palipoandikwa oya, nisome hapana. Mwenyekiti akafikiri, akanisogezea ile karatasi.

Nikasoma kwa sauti ya darasani. "Nilimwambia afike gesti jioni kuchukua fomu yake, akanijibu hapana. Nikamsogelea ili kumwelewesha, akanijibu hapana. Nikamshika mkono ili atulie, akapiga kelele hapana."

Sikuweka manjonjo. Hayakuhitajika.

Mkufunzi alikuwa amesimama. "Mimi sijui Kiha! Mwenyekiti, mimi Kiha sikijui!"

Yule mama wa Dar akamgeukia, na nikasahau laana zote nilizomwombea. "Kwa hiyo ungekijua," akasema, "mkono ungeuachia?"

Jamani, nilitaka kupiga kigelegele. Nilijiziba mdomo kwa viganja viwili. Matroni sasa alikuwa ameelewa, na sura yake ilibadilika, akaenda akasimama nyuma ya kiti cha binti, asogee hapo nani. Mwenyekiti akafunga kalamu. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa, ya mzazi, "Binti, unataka kamati ikufanyie nini?"

Nilitegemea aseme afukuzwe. Mimi ningesema afukuzwe, tena leo, tena kwa miguu mpaka Kigoma. Yeye akanyoosha mgongo akasema, "Nataka somo langu lipewe alama. Nilifundisha vizuri. Hata wale wa nyuma waliijua robo."

Mwenyekiti alimwomba radhi mbele yetu, na hilo nalisema kwa sababu wengi hawaombi. Mkufunzi aliondolewa usimamizi siku ile ile, akaambiwa aikabidhi fomu, akaitoa mfukoni imekunjwa vile vile. Faili lake likapelekwa kwa wanaohusika wilayani, na muhula uliofuata hatukumwona tena. Kukatoka na agizo kwamba fomu ya tathmini inajazwa papo hapo darasani, mwalimu wa darasa akiwepo, na mwanafunzi anapewa nakala kabla msimamizi hajatoka mlangoni. Nililibandika lile tangazo mimi mwenyewe, nikarudi mara tatu kulitazama kama halijadondoka.

Na sanduku likaanza kula barua! Si za ugali. Kuna walioandika, kuna waliokuja kukaa, mmoja wao yule mvulana aliyeuliza "na sisi je," na hakuwa anacheka. Sitaeleza ya kila mtu. Nitasema tu kwamba sasa nikishamaliza kuandika, nauliza: neno hili kwenu lina maana gani? Na naiandika maana pembeni, kwenye mabano, hata kama naijua kuliko jina langu.

Binti alirudi Kibondo na msimamizi mpya, mwanamke. Siku ya somo sikuweza kula. Saa tano simu ikalia, na nyuma ya sauti yake nikasikia watoto wanapiga kelele za mapumziko.

"Dada, nimepata A!"

Nilirukaruka peke yangu katikati ya njia, bodaboda akanipigia honi akanitukana, nikampungia mkono. Nikamwambia hongera, hongera sana, nikaona hapo ndipo pa kumwomba msamaha. Nikamwambia mwenzangu, siku ile niliandika vibaya, niliacha wasielewe neno lako. Pole, najua ulikaa pale unawaza hawa wanadhani nimemwita kihuni.

"Sikuwaza hivyo, dada."

"Uliwaza nini?"

"Nilijua wameelewa kwamba nilikataa," akasema. "Nikadhani ndilo kosa lenyewe."

Kengele ikagongwa kule kwake. Akaniambia, "Naingia darasani, dada," akakata simu.