Duka la Masanduku

Mtaani wanamwita Bibi Misumari. Asiyemjua hudhani ni mkali, au labda aliwahi kuuza vyuma. Ukali anao, hilo halina ubishi, lakini vyuma hajauza hata siku moja. Ameuza vitambaa maisha yake yote, kama baba yake, babu yake, na baba wa babu yake aliyeingia mji huu na sanduku la mbao begani. Jina alilipata akiwa msichana, kwa kosa ambalo baba yake aliapa hatalisamehe.

Huyo wa kwanza, Babu Mkuu, alikuwa amefukuzwa miji miwili kabla ya huu. Mara zote mali ilibaki ukutani, yeye akatoka na nguo aliyovaa na sanduku tupu begani. Alipofungua duka la tatu akakata shauri: hakuna rafu, hakuna ndoano, hakuna msumari kwenye ukuta wa watu. Mali ilale sandukuni, ili wakiambiwa ondokeni, wabebe waende zao. Asubuhi majora ya vitambaa yalitolewa na kupangwa juu ya vifuniko. Jioni yalirudishwa moja moja, kila sanduku likafungwa kamba. Babu Mkuu akafa bila kufukuzwa. Mwanawe akaongeza masanduku, akafa naye, akazikwa mji huohuo. Mjukuu, ndiye baba wa Misumari, akarithi masanduku, kamba na hofu, vyote kwa mpigo. Ulipomuuliza kwa nini, alikujibu, "Ndivyo tunavyofanya sisi," na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa jamani, biashara gani hiyo? Mteja akitaka kitambaa cha bluu, basi cha bluu kiko chini ya cha kijani, na sanduku lenyewe limekaliwa na lingine. Mpaka kitoke, mteja ameshasema "nitapita baadaye" na kuvuka barabara. Binti yake, ndiye huyo Misumari, alikuwa anaumwa mgongo kama ajuza, na wala hajaolewa.

Jioni moja akaingia muuguzi mkuu wa hospitali, mama wa heshima zake mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alikuwa anatafuta duka la kuiuzia hospitali kitambaa cha mashuka na sare, mwaka hata mwaka. Alimkuta binti na mama yake wamepiga magoti, wanakaza kamba.

"Kumbe mnahama?"

"Hapana, mama," binti akajibu. "Tunafunga duka tu."

"Mwanangu, wanaofunga duka nawajua. Nyinyi mnafunga virago." Akatoka.

Binti akamkimbilia mpaka barabarani, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki dukani. "Nipe mpaka Jumatatu, mama yangu. Utatukuta tumetulia."

"Haya, Jumatatu. Nikikuta masanduku yale, siingii."

Nyumbani, baba alisikiliza huku anakula. "Rafu? Siku tukiambiwa ondokeni utaibeba kichwani?"

"Nani atatuambia, baba?"

"Haohao."

"Haohao akina nani? Hawa wanaoniita dada na kunipa chumvi ikituishia? Baba, hakuna anayetufukuza. Tunajifukuza wenyewe kila jioni, halafu asubuhi tunajikaribisha!"

Baba akasukuma sahani. "Atakayepiga msumari ukuta ule, wallahi simsamehi," akaapa, akampa kisogo. Ijumaa akasafiri kwenda kuchukua mali mpya, bila kuaga.

Binti akapiga moyo konde, akamwita fundi seremala. Walikuwa ndiyo kwanza wanapima ukuta, mama akatokea mlangoni, mikono kiunoni. Binti akajua ameumbuka. Mama akaukagua ukuta juu mpaka chini, akasema, "Ile rafu ya juu msiipeleke mbali. Mimi mfupi."

Msumari wa kwanza binti alikataa kumwachia fundi. Akaupiga mwenyewe, akakosea, akajiponda kidole gumba, akapiga tena mpaka ukazama. Chokaa ikamwagika kichwani, akawa mweupe pe. Majirani walikuja kuangalia nani anabomoa, wakamkuta anacheka huku ananyonya kidole. Jina likabandikwa siku hiyohiyo.

Jumatatu asubuhi baba alirudi. Fundi alikuwa bado anakaza ubao wa mwisho, mama akimshikia. Majora yalikuwa yamesimama ukutani, bluu, kijani, njano, kila moja linaonekana tangu mlangoni. Baba hakufoka, na afadhali angefoka. Alifungua sanduku, akashusha jora la kwanza, akalilaza ndani. Akashusha la pili. Binti afanye nini? Atashikana mieleka na baba yake mzazi? Akabaki amesimama, machozi yanamlengalenga.

Jora la nne lilikuwa mikononi mwa baba pale muuguzi mkuu alipoingia. Akatazama rafu, akatazama sanduku lililo wazi. Akampita binti. Akamwendea mzee.

"Habari za asubuhi, mzee wangu. Nina swali moja tu. Mwakani nikija, nitawakuta?"

Fundi akaacha nyundo juu. Baba akatazama jora lake kama vile kapewa mtoto wa watu amshikie.

"Baba yangu kazikwa hapa," akasema taratibu. "Mimi nimezaliwa nyuma ya ukuta huo. Niende wapi, mama?" Sauti ikapanda. "Mtatukuta! Mwakani, na mwaka ule mwingine, mpaka mtuchoke!"

Akarudisha jora kwenye rafu, akalinyoosha kwa kiganja, kisha akachukua mkasi na kumkabidhi binti. "Mpimie mama kitambaa chake. Na usimpunje."

Binti alipima, na muuguzi mkuu akaagiza mashuka ya hospitali nzima. Alipoondoka, fundi akaanza kukusanya vifaa vyake.

"We fundi, ngoja kwanza," baba akasema, akijifanya anachunguza ubao. "Nyumbani nako hatuna kabati. Huyu mama tangu nimuoe anatolea nguo zake kwenye begi."

Mama aliketi juu ya sanduku tupu, mkono mdomoni. Fundi akatoa penseli sikioni.

"Kabati la milango mingapi, mzee?"

Baba akafikiri. "Tuseme miwili..."

"Minne!" mama akadakia. "Na kioo!"