Mwapache Aliyeuawa Mara Tatu Gazetini

Sikutoka nyumbani kutalii. Nilitoka kwa sababu mama yangu, kule Uvira, Kongo, alikuwa wiki ya saba kwenye mkeka wa kilio, na kwetu mama hainuki mkekani mpaka mtoto mkubwa aseme kilio kimekwisha. Mtoto mkubwa ni mimi. Gazeti la mji liliandika kwamba mdogo wangu Byamungu, "jambazi wa barabarani", ameuawa milimani. Maiti hakuna, kaburi hakuna. Mipaka ya Australia imefungwa kwa ajili ya korona. Mimi niliyevuka nchi tatu kwa miguu nikabaki nazunguka sebule yangu ya Guildford, pembeni mwa Sydney, kama kuku aliyefungwa mguu.

Binti yangu Neema, aliyekuwa akisomea nyumbani, ndiye aliyenionyesha na kunisomea magazeti ya kale kwenye kompyuta. Humo nikakutana na Mwapache mmoja, mwenyeji wa asili wa Amerika, aliyewatoroka askari akajificha milima ya Arizona. Habari zake zilifika magazeti ya Sydney kwa telegramu. Waliandika ameuawa bondeni. Miezi michache baadaye, ameiba farasi. Wakamuua tena. Nikampigia mama nikamwambia asubiri, namletea ushahidi kwamba gazeti ni uongo. Nikawatangazia na watu wa kanisa kwenye Zoom, maana mimi nikisema jambo, nalifanya. Ila habari ya mwisho ilikuwa kwenye gazeti la wiki ambalo halijaingia mtandaoni. Liko kwenye filamu, kurasa zimepigwa picha ndogo za kusomwa kwa mashine, maktaba kubwa ya mjini.

Saa mbili na nusu asubuhi, wiki ya pili baada ya lokdauni kufunguliwa, nilipanda treni Guildford, barakoa usoni, cheti cha chanjo kwenye simu. Mtu mmoja alikohoa, behewa zima likamgeukia. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Granville, Strathfield, kila kituo niliona treni inachelewa makusudi.

Maktabani alinipokea mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi.

"Ni utafiti wa chuo, bwana?"

"Chuo changu ni ghala la Fairfield," nikamwambia. "Niliingia kubeba makatoni, leo nina malori matatu. Nionyeshe mashine tu."

Akacheka ndani ya barakoa. "Kama malori umeyaweza, hii haikushindi. Zungusha polepole, isikatike."

Nilizungusha saa mbili nzima. Nimeishia darasa la nne, na zile herufi zilikuwa kama siafu. Neno Apache lilipotokea, nilipiga picha ukurasa wote. Kumwomba yule mama anisomee, hapana. Aibu yangu niliipeleka kwa watu wangu.

Saa nane mchana nilishuka Doonside kwa Mwalimu Sylvestre, Mrundi aliyefundisha kambi ya wakimbizi Tanzania, sasa anatunza wazee. Aliniweka barazani, viti vikiwa vimetengana, kwa sababu ya wazee wake.

"Tajiri, leo kwa treni? Malori yamegoma?"

"Malori yako kazini. Soma, Mwalimu."

Akasoma, kidole juu ya simu. "Wanasema amekufa. Walikuta farasi wake na bunduki, wakazika mtu pale pale."

"Nani aliyemtambua?"

"Askari. Na hapa wanakiri hawakuwahi kumwona."

Nikajipiga kofi gotini. "Umeona? Hawajui kitu. Byamungu yuko hai."

Mwalimu akavua miwani. "Ndugu yangu, huyu Mwapache yuko wapi leo?"

Nikainua kikombe cha chai aliyoniwekea, naye akaendelea.

"Alikufa siku yake, mahali ambapo hapakuwa na mwandishi. Wao kukosea siku hakukumfanya aishi. Ukimwambia mama mtoto yuko hai, atamngojea mlangoni mpaka afe yeye. Uko tayari kwa hilo?"

Nilikasirika, sifichi. Niliacha chai yake nusu.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa kituo cha Blacktown nikisubiri treni ya Guildford. Kule Uvira asubuhi ilikuwa imeshapambazuka. Nikapiga.

"Umeupata ushahidi?" mama akauliza kabla ya salamu.

"Nimepata kwamba walioandika hawakumjua."

"Kwa hiyo yuko hai."

Tangu nianze kutuma pesa nyumbani, mimi ndiye ninayejua. Bei ya kiwanja najua, dawa ya presha najua.

"Sijui, mama."

Nikasikia kuku wake.

"Angalau wewe umesema hujui," akasema. "Wote wanaokuja hapa wanajua. Sasa mimi nifanye nini?"

"Inuka. Kilio aanzishe mtu aliyeuona uso wa Byamungu, na mtu huyo hajaja. Akija, utakaa, na nitakaa na wewe."

"Magoti yameganda. Ngoja nimwite Zawadi wa jirani anishike."

Hakukata simu. Treni ya Guildford ikaja, ikafungua milango. Mpaka siku ile nilidhani mtu mkubwa wa familia ni yule anayerudi na jibu. Milango ikafungwa, treni ikaenda bila mimi, simu ikiwa sikioni. Kule Uvira nilimsikia mama akihema, akimwambia Zawadi asimvute mkono, amshike kiunoni.