Rekodi Iliyowekwa Nyuma ya Hema

Jua halijachomoza vizuri, na tayari chumba cha nyuma cha dobi kimejaa mvuke. Msichana mwembamba, kitambaa kichwani, anakandamiza pasi juu ya shuka la hoteli, analikunja, anavuta lingine. Wenzake wanamwita Cheche. Ukutani, juu ya ndoo za sabuni, wamebandika picha yake ya gazetini: kifua mbele, mikono juu, anakata utepe wa mbio za mita mia moja.

Chini ya picha imeandikwa kwamba amevunja rekodi ya taifa. Gazeti halikusema uongo. Aliivunja kweli, uwanja ukiwa umefurika, rekodi iliyodumu miaka kumi na tisa. Lakini ukiwauliza chama cha riadha leo, watakwambia rekodi hiyo haipo.

Mambo ya Cheche na mbio yalianzia hapa hapa. Mteja mmoja, kocha wa shule ya jirani, alileta suruali na kusahau mfukoni saa yake ya kupimia mbio. Cheche alipoiona, mwenye saa alishapanda pikipiki na kuondoka. Akatoka mkuku, ndara mkononi.

"Nikashangaa mtu ananigusa bega, nami niko juu ya pikipiki," anasema kocha, ambaye hachoki kuisimulia. "Nikamwambia, binti, hiyo saa baki nayo, kesho uje nayo uwanjani."

Tangu hapo amefanya mazoezi kabla ya zamu na baada ya zamu. Shangazi yake mshonaji, aliyemlea, ndiye aliyemshonea hata bukta ya kukimbilia.

Ikafika siku yenyewe ya rekodi. Mbio fupi zina masharti yake: pembeni ya njia husimamishwa kipima upepo, kidude chenye miguu mitatu, ili ijulikane kwamba mkimbiaji hakusukumwa na upepo wa mgongoni. Bila kipimo hicho hakuna rekodi. Asubuhi kilikuwa mahali pake. Mgeni rasmi alipowasili, ofisa mmoja wa itifaki akaona kinaharibu picha. Akaamuru kiondolewe, kikawekwa nyuma ya hema, karibu na kreti za soda. Waamuzi walikuwepo, wote wakafyata mkia.

Cheche akakimbia. Mgeni rasmi akampa mkono, wakapigwa picha, na picha ikatoka safi kweli, haina kidude. Wiki chache baadaye akaitwa ofisini, akaambiwa upepo haukupimwa, kwa hiyo rekodi haitambuliki, na bila muda ule hana nafasi katika timu ya mashindano ya dunia.

Inatia hasira. Siku ile bendera zilikuwa zimelala kwenye milingoti kama nguo zilizosahauliwa kambani, na kila mtu aliona. Katibu wa chama, tulipomuuliza, alijibu kwamba sheria ni sheria. Na aliyehamisha kipimo amechukuliwa hatua gani? Hilo, akasema, ni suala la ndani. Kumbe sheria inambana anayekimbia tu, anayekaa kivulini haimhusu.

Kwa dobi wanasema ng'ombe wa maskini hazai. Wanakosea. Huyu alizaa, na waliompoteza ndama wana ofisi na viti vya kuzunguka.

Cheche mwenyewe si msemaji. Anaiinua pasi, anaiweka pembeni.

"Wangeniambia nimeshindwa, ningekubali, ningerudi mazoezini," anasema. "Lakini nimeshinda, halafu naambiwa haihesabiki. Hilo silimezi."

Mashindano ya mwisho ya kufuzu ni mwezi ujao, naye atakimbia. Mgeni rasmi ameshaalikwa, hema litakuwepo. Kocha ameomba kipimo kilindwe, akajibiwa kwamba ombi lake litatazamwa.

Shangazi hangoji litazamwe. Siku hiyo atafunga cherehani, abebe kiti chake mwenyewe hadi pembeni ya njia. Ameshaambiwa watazamaji hawaruhusiwi kufika pale.

"Nitakaa mguuni pa hicho kipimo," anasema, akikata uzi kwa meno. "Anayetaka kukihamisha, aanze na mimi."